Maji ya Magotini

Kamba ilirudi imelowa hadi mahali ambapo haikuwa imefika. Uwesu aliigeuza mkononi, akaibana kwa vidole, maji yakachuruzika mpaka kiwikoni. Alikuwa ameteremsha pima tatu, alizozipima mwenyewe kwa kunyoosha mikono yake, na hapo ndipo uzito ulipogusa chini. Lakini kamba ilikuwa imelowa pima nne na ushee, na hiyo ya nne haikuwa imevuka ukingo wa kisima. Muda wote ilikuwa imezungushwa kiganjani mwake.

"Labda umeiangusha kwenye maji," alisema Zena, mkewe.

"Maji gani, Mama Somoe? Si ndiyo tunayoyatafuta."

Na kweli. Bomba lilikuwa limekauka tangu juma lililopita. Mtaa wa Mchikichi mzima ulikuwa ukipanga madebe kwenye kioski cha maji, watu wakisukumana tangu alfajiri, na yaliyopatikana hayakutosha hata kupikia. Ndipo Bi Zamzam, mwenye nyumba, akakumbuka kisima cha uani kwake, kilichofunikwa mbao tangu bomba lilipoletwa Kariakoo. Akataka kitolewe tope ili wapangaji wateke. Mtu wa kukizamia hakumtafuta mbali, kwa kuwa Uwesu alikuwa mpangaji wake katika chumba cha uani, na kazi yake ilikuwa hiyo hiyo ya kuzamia. Bandarini walimwita ilipokatika nanga au mzigo ulipodondoka majini, na mjini walimwita ndoo ilipoangukia kisimani.

Bi Zamzam alikuwa amekalia mbuzi, anakuna nazi. Alimtazama Uwesu akiikodolea macho kamba.

"Umezamia bandari nzima, leo unakiogopa kisima cha mjane?"

"Bandari naijua kina, Bi Zamzam."

"Na hiki nakwambia mimi. Pima tatu. Marehemu ndiye aliyekichimba."

"Marehemu alikuwa mrefu au mfupi?"

"Wewe unakuja kuzamia au unakuja kuposa?"

Wote wakacheka, hata Mektilda, mpangaji wa chumba cha pili, Mchaga wa Rombo ambaye hakuwa mwepesi wa kucheka. Lakini swali la Uwesu halikuwa la mzaha. Pima ni upana wa mikono ya mtu, na mikono ya watu haifanani. Yeye hakukubali kina alichoambiwa na mtu mwingine, hata awe nahodha. Alikuwa na bildi yake, kipande cha madini ya risasi chenye umbo la mchi mdogo, kilichofungwa kwenye kamba. Kitako cha risasi hiyo kilikuwa na kishimo, na kabla ya kuiteremsha alikipaka shahamu ya ng'ombe. Risasi ikigusa chini, shahamu inanasa kilichopo huko. Ikipanda na mchanga, atajua ni mchanga. Ikipanda na tope au vipande vya matumbawe, atajua. Hakuingia kwenye maji asiyoyajua mpaka amepima, akapumzika, akapima tena. Wenzake wa bandarini walimtania kwamba hata bakuli la mchuzi hulipima kabla ya kutia mkono.

Zena hakumtania. Alijua kwamba mumewe hakuwa hivyo zamani. Walipokuwa Kilwa Kivinje alikuwa kijana wa kujitupa majini huku anacheka. Alibadilika baada ya mtoto wao kufariki. Somoe alikuwa na miaka sita, naye Zena siku hizo alikuwa Lindi kwenye msiba wa mama yake. Aliporudi alikuta kaburi limekwisha kujengewa. Uwesu alimwambia ni homa, ya siku moja tu, mtoto alilala hakuamka. Mwaka ule ule wakahamia Dar es Salaam, na tangu hapo, kila alipojaribu kumuuliza zaidi, Zena aliiona shingo ya mumewe ikikakamaa kama ya mtu aliyebeba gunia, akaacha. Lililobaki la Somoe lilikuwa jina. Yeye aliitwa Mama Somoe, mumewe Baba Somoe, na kila walipoitana mtoto alikuwa kama amepita baina yao.

Alasiri Uwesu alipima tena. Safari hii risasi haikugusa kitu. Aliteremsha pima ya tatu, ya tano, ya nane, mpaka akabaki ameshika ncha ya kamba, na uzito bado ulikuwa ukivuta. Alipoipandisha, shahamu haikuwa na mchanga wala tope. Ilikuwa imelainika, kama iliyorambwa.

"Ondoka hapo ukingoni," Zena alimwambia Josepha, binti wa Mektilda, aliyekuwa amelala kifudifudi kando ya kisima anachungulia. Josepha alikuwa na umri ule ule aliokuwa nao Somoe, na Zena hakuwahi kumwona karibu na maji bila kumwondoa.

"Mbona hakuna kitu, Mama Somoe? Naona sura yangu tu."

"Basi nenda kaitazame kwenye kioo cha mama yako."

Uwesu akasema ataiacha bildi humo mpaka asubuhi. Ndivyo walivyofanya watu wa bahari: maji hujaa na kupwa, kwa hiyo palipo na shaka huacha bildi usiku kucha, kamba imefungwa mahali imara, asubuhi wakasoma alama ya maji kwenye kamba. Aliwahi kusikia kwamba visima vilivyo karibu na pwani navyo hujaa na kupwa. Akatafuta mahali pa kufunga. Nguzo ya kisima ilikuwa imeoza. Mahali imara palipokuwa karibu ni dirisha la chumba chao.

"Funga kwenye nondo, Mama Somoe. Fundo la mara mbili."

Zena akafunga.

Asubuhi kamba yote ilikuwa imelowa, kutoka kisimani, kupita uani, mpaka kwenye nondo ya dirisha, na kutoka hapo maji yalikuwa yameteremka ukutani kwa ndani, yakafika kwenye mkeka. Uwesu aliivuta polepole. Risasi ilipotokeza, aliitazama kitakoni, na Zena akauona uso wake ukibadilika.

Shahamu ya ng'ombe aliyokuwa ameipaka haikuwepo. Palikuwa na shahamu nyingine, nyeupe kuliko ile, iliyojazwa vizuri kwenye kishimo na kusawazishwa kwa dole gumba. Alama ya dole hilo ilionekana. Lilikuwa pana, na halikuwa na mistari.

"Nani ameipaka?" Zena aliuliza.

Uwesu alijibu kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kusikiwa na aliye chumba cha pili. "Bildi hupakwa na anayetaka kupima."

Akaikwangua kwa kisu, akafunika kisima, akaweka mawe juu ya mbao. Akamwambia Bi Zamzam amtafute mwingine. Bi Zamzam alinuna. Alisema hakujua kwamba Kilwa siku hizi wanazaa waoga, na kwamba watu wa chumba cha uani wasije wakamwomba maji ya kuoshea vyombo. Uwesu aliikunja kamba, akaitundika bildi kwenye kigingi nyuma ya mlango, kwa sababu ilikuwa chombo chake cha kazi na hakuwa na nyingine.

Alama ya kwanza aliiona Mektilda. Ilikuwa kwenye sakafu ya uani, duara dogo la mafuta lenye ukubwa wa sarafu ya thumni, hatua chache kutoka kisimani. Alilisugua kwa majivu huku akilalamika kwamba kuna watu hawajui kubeba chungu cha mafuta. Kesho yake palikuwa na jingine, karibu zaidi na chumba cha uani.

"Mama Somoe, mimi sisemi mtu," alisema Mektilda. "Nasema tu kwamba nimechoka kusugua."

"Si langu, Mama Josepha. Mafuta yenyewe ya kumwaga nitayapata wapi?"

"Basi ni la nani? La Gaudens? Mume wangu anashinda Mtaa wa Kongo anapima maharage, akirudi hata jiko halioni."

Zena aliinama akalinusa. Lilikuwa na harufu ya tope la zamani na mawe ya pwani, na ndani yake shahamu. Mektilda alipoingia ndani, Zena alinyoosha mikono yake kutoka duara lile kuelekea pale lilipokuwa la jana. Haikufika. Akamwita mumewe. Uwesu alipiga magoti, akanyoosha mikono yake, na ncha za vidole vyake zikagusa sawasawa duara lile na mahali pa lile la jana.

"Pima moja," alisema. "Pima yangu mimi."

Alama iliyofuata ilikuwa kizingitini kwao. Iliyofuata hiyo ilikuwa ndani, kando ya mkeka.

Uwesu alikuwa na desturi ya kulala kidogo baada ya chakula cha mchana. Siku hiyo Zena alikuwa mlangoni anachambua mchele, na uani palikuwa na jua kali na kelele za wachukuzi wakipita na mikokoteni njiani, wakati ambao watu wenye akili timamu hawafikirii mambo ya majini, na ndani ya kelele zile alisikia mumewe akimeza. Akageuka. Uwesu alikuwa amelala chali, kinywa wazi, na pembe za midomo yake zilikuwa zimevutwa nje kama zinavyovutwa na kitu kinachopita katikati, ingawa Zena hakuona kitu chochote kikipita. Koo likapanda na kushuka, likapanda na kushuka, kila mara kwa mwendo ule ule wa mtu anayeteremsha kamba kwa kupokezana mikono, na chini ya shingo ngozi ikatuna kidogo, ikashuka kifuani, ikapotea. Kisha ikasimama. Kisha ikaanza kurudi juu.

Alimtikisa mpaka akaamka. Uwesu alikohoa, akatema kitambaani. Ilikuwa shahamu.

"Umeota nini, Baba Somoe?"

"Sijaota." Akatazama mlangoni, akaona bildi kwenye kigingi. "Kwa nini kamba yangu imelowa? Nani ameitumia?"

"Si wewe uliyepima kisima?"

"Kisima kipi?"

Zena alicheka, akidhani ni mzaha. Uwesu hakucheka.

Ilianza hivyo. Kila mchana koo lilipanda na kushuka, na kila alipoamka palikuwa na kitu kilichopungua. Kwanza yaliondoka ya juu juu, ya juzi na jana. Kisha akasahau njia ya kwenda bandarini, akarudishwa na mtu aliyemkuta Mnazi Mmoja amesimama, watu wanampita huku na huku, yeye hajui alikuwa akielekea Kariakoo au anatoka. Kisha akasahau arusi yao. Zena alijaribu kumzuia asilale mchana, akampeleka kutembea, akamwimbia, akamfinya. Uwesu alilala amesimama, ameegemea ukuta, kinywa wazi. Mara nyingine alijitahidi mwenyewe. Alimshika mkewe mkono, akasema maneno ambayo Zena hakuyasahau kwa muda wote alioruhusiwa kukumbuka.

"Kuna kitu kimoja huko chini ndani yangu, sitaki hiki kinachonipima kikipate. Kikigusa hicho, wewe ondoka nyumba hii. Usinisubiri."

"Kitu gani, Baba Somoe?"

Shingo yake ikakakamaa, kama siku zote.

Zena alikwenda kumwita Maalim Shaweji, mzee mfupi wa Gerezani aliyesifiwa kwa kutoa pepo na majini bila kelele. Alikuja alasiri na mkoba wake, akafukiza ubani, akamtazama Uwesu machoni, akatazama alama ya mkekani. Akaandika kombe: aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaiosha kwa maji, akampa anywe. Uwesu akanywa yote. Maalim akainua mkono wanyamaze.

Walisubiri. Bi Zamzam alikuwa mlangoni, na Mektilda nyuma yake amefunika mdomo kwa kanga. Ubani ulikuwa ukiwaka, nzi akizunguka kwenye sahani, na hakuna aliyejua wanasubiri nini; ikapita kitambo kirefu kiasi kwamba Bi Zamzam alifungua kinywa kutaka kusema, na ndipo, ndani ya mwili wa Uwesu, chini sana, chini kuliko tumbo la mtu linavyoweza kuwa, wakasikia tone likianguka kwenye maji.

Maalim alianza kufunga mkoba wake.

"Maalim, ndiyo nini hiyo?" Zena aliuliza. "Unakwenda wapi?"

"Mwanangu, mimi hutia dawa mahali ninapojua itaishia wapi." Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole huo ndio uliomtisha Zena. "Nani aliifunga kamba hapa dirishani?"

"Mimi. Nilishaifungua."

"Fundo umelifungua. Ninyi mliteremsha kamba kwake usiku kucha, na upande wa pili mkaufunga kwenye chumba chenu. Kamba ikiwa imenyooka, aliye chini anapima kwenda juu kama aliye juu anavyopima kwenda chini. Jini hilo linajua kazi kama mumeo. Halishuki mahali lisipopajua kina. Sasa linatafuta."

"Likishapata?"

Maalim aliangalia kigingi. Zena akafuata macho yake. Bildi haikuwepo. Palibaki mstari wa maji ukutani, kutoka kwenye kigingi kuelekea kwa Uwesu.

"Likishapata," alisema Maalim, "hakuna mtu anayepima maji ili asiyaingie."

Akakataa kupokea chochote. Alipopita uani alizunguka mbali na kisima.

Siku iliyofuata Zena alimkalia mumewe kifuani, akamziba kinywa kwa viganja vyote viwili. Alihisi kitu kikipita katikati ya vidole vyake, baridi na chembamba, kikishuka bila haraka. Kilishuka kuliko siku zote. Machozi yalimtoka Uwesu akiwa usingizini, miguu ikapiga mkeka kama ya mtu anayeogelea, na chini kabisa, mahali ambapo pengine ni moyo na pengine ni chini zaidi, kitu kikagusa kitu. Zena alikisikia kwa mifupa yake. Mkono wa mumewe ukalegea.

"Baba Somoe," alimwita.

Uwesu alifumbua macho. "Somoe nani?" aliuliza kwa adabu.

Wakati huo huo mbao za kisima zikatikisika uani. Maji chini yake yakapanda kwa kishindo, yakagonga mbao, kisha yakashuka, na pakawa kimya. Uwesu alishusha pumzi ndefu mno, akaacha kupumua, na Zena alipokuwa anataka kupiga yowe, akaanza tena. Akaketi. Akanyoosha mikono yake pande zote mbili, akaitazama mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayejaribu shati.

"Njaa inaniuma, Mama Somoe," alisema.

Zena aliangua kilio cha furaha. Jina lilikuwa limerudi. Harufu ya tope ilikuwa imekwisha chumbani. Alimpikia wali na samaki wa kukaanga, akaketi kumtazama akila kwa hamu, kwa mkono safi, akisifu chumvi. Nje waadhini walikuwa wakiita magharibi.

"Umemkumbuka Somoe," Zena alisema, akipangusa macho.

"Nimemkumbuka vizuri. Hakufa kwa homa."

Alisema hivyo akichambua mwiba. Zena akadhani hakusikia sawa.

"Nilikwenda naye mtoni, kwenye mkono wa bahari nisioujua," aliendelea. "Kulikuwa na nanga ya kutafutwa. Niliinama nafungua fundo la kamba. Akaniuliza, Baba, hapa maji yanafika wapi? Sikuwa nimepima. Nikamwambia, magotini, mwanangu. Sikugeuka. Akakunja gauni juu ya magoti, asije akalilowesha. Akaingia." Akaweka mwiba pembeni mwa sahani. "Palikuwa na pima nne. Nilizipima baadaye, nikimtafuta. Huyu samaki ni changu?"

Zena hakulia. Kilio kilikuwa kwa ajili ya mtu mwingine, aliyelibeba jambo lile miaka yote hiyo chini kabisa, asiweze kulitamka hata mara moja, na ambaye asingeweza kamwe kulisema huku anatafuna. Akajua kwamba mtu huyo hayupo tena.

"Wewe ni nani?" alinong'ona.

Alimtazama. Lilikuwa lile tazamo la Uwesu alipofika kwenye maji mageni: kuanzia juu, taratibu, kwenda chini.

"Na wewe, Mama Somoe," aliuliza, "una kina gani?"

Zena alikimbilia chumbani kwa Bi Zamzam. Alieleza yote kwa kunong'ona, akijikwaa. Bi Zamzam alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamshika bega.

"Mwanangu, mume alikuwa hajui hata jina lake, leo amekula, amenisalimia, ameniambia kesho atakifungua kisima. Wewe unataka nini tena?"

"Asikifungue, Bi Zamzam. Nakuomba. Hao watoto."

"Umekesha siku nyingi. Nenda kalale."

Hakulala. Alichukua kigoda, akakiweka juu ya mbao za kisima, akakaa hapo mpaka kukapambazuka. Asubuhi alimwambia Mektilda amfungie Josepha ndani. Mektilda alimtazama nywele zisizosukwa na macho mekundu, akamvuta mwanawe karibu, lakini si kwa sababu ya kisima.

"Gaudens akirudi jioni tutaongea, Mama Somoe," alisema kwa upole. "Pumzika."

Zena aliyarudia maneno yale kimoyomoyo ili asiyaache. Magotini. Pima nne. Asikifungue. Aliyarudia wanawake walipokwenda kupanga madebe, aliyarudia jua lilipopanda na mabati ya jikoni yakaanza kulia kwa joto, aliyarudia kichwa kilipoanza kuinama na kuinuka, na mahali fulani katikati ya kuyarudia aliona uso wa mumewe ukiwa juu yake, unamtazama kwa subira, na mikono miwili imenyooshwa pande zote, ikimpima.

Alipoamka alikuwa mkekani, chumbani kwake. Mlango ulikuwa wazi na jua la alasiri limeingia. Alijisikia mwepesi. Kinywani alikuwa na ladha ya shahamu, akashangaa, kwa kuwa hakukumbuka kula nyama.

Akatoka mlangoni. Mbao za kisima zilikuwa zimeegemezwa ukutani. Mumewe alikuwa ameketi ukingoni, mgongo kwa kisima, ameinama anafungua fundo la kamba. Bi Zamzam hakuonekana. Mektilda alikuwa bado kioski. Maji yalikuwa yamejaa mpaka ukingoni, na Josepha alikuwa amesimama mbele yake, peku, akichungulia.

Zena aliwatazama wote wawili na moyo ukaanza kumwenda mbio, asijue kwa nini. Kulikuwa na neno alilopaswa kulisema, tena upesi. Alilitafuta. Alilitafuta jana, hakuikuta jana. Alilitafuta juzi.

"Baba Somoe," Josepha aliuliza, "hapa maji yanafika wapi?"

"Magotini, mwanangu," alisema, bila kugeuka.

Josepha akakunja gauni lake juu ya magoti, asije akalilowesha.